Karatasi Ikigeuzwa: Kisa cha Jaribio Moja la Kumbukumbu Kisiwani Pemba

Alikuja kwangu na sentensi moja aliyoipenda sana. Ilikuwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kaipigia mstari mara mbili: "Njia ya chuoni inawasaidia wanafunzi kuelewa masomo."

Ni mwalimu wa sayansi katika skuli moja ya sekondari Pemba, na alikuwa akimalizia shahada yake Unguja. Alitakiwa apange na kuendesha jaribio moja la saikolojia, mimi nikiwa msimamizi wake. Sentensi ile hakuitoa kitabuni. Asubuhi husomesha kidato cha pili, na jioni humfuata mwanawe chuoni, yaani kwenye chuo cha Kurani. Huko huwaona watoto walewale ambao asubuhi wameshindwa kutaja sehemu tatu za ua, wameketi juu ya jamvi, msahafu umefungwa, wanashuka na Juzuu Amma sura baada ya sura bila kukwama. "Maalim," aliniambia, "watoto ni hao hao, vichwa ni hivyo hivyo. Kinachotofautiana ni namna wanavyosoma."

Nililipenda wazo lake na bado nalipenda. Lakini wazo halijawa jaribio, na kutoka kwenye daftari lile mpaka kwenye mpango uliokamilika tulipita wiki tano. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mahali alipokwama yeye ndipo wanapokwama wengi ninaowasimamia, na kwa sababu njia aliyotokea inaweza kumfaa mwingine.

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: "Mwanangu, kitokee kitu gani ndipo ukubali kwamba umekosea?"

Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwa moyo mmoja: "Wasipofanya vizuri, basi itakuwa hawakuitumia njia yenyewe inavyotakiwa."

Jibu hilo ndilo lililokuwa ugonjwa wa sentensi yake. Watoto wakifaulu, njia ya chuoni imesaidia. Wakifeli, hawakuitumia sawasawa. Hakuna siku sentensi ile itakuja kushindwa, na isiyoweza kushindwa haituelezi lolote kuhusu watoto. Mwanafalsafa Karl Popper alisimulia kwamba mwaka 1919 alimpelekea mwanasaikolojia Alfred Adler habari ya mtoto mmoja ambaye yeye Popper hakuona kama anaingia katika nadharia ya Adler. Adler akamfafanua mtoto yule pale pale kwa nadharia yake, na wala hakuwahi kumwona. Hapo ndipo Popper alipoanza kushuku nadharia inayoeleza kila kitu. Nilimpa mwalimu wangu kisa hicho akenda nacho nyumbani, na wiki iliyofuata alirudi na sentensi ile ameikata kwa wino mwekundu.

Tukaanza kuivunja neno kwa neno. "Kuelewa" tuliliacha mapema, maana kuelewa kuna sura nyingi na yeye alikuwa na nafasi ya kupima moja tu. Alichokiona chuoni kilikuwa kukumbuka, basi tukashika kukumbuka. Nacho kikataka kuulizwa: kukumbuka nini, kiasi gani, baada ya muda gani? "Wanafunzi" wakawa wanafunzi wa kidato cha pili wa zamu ya asubuhi katika skuli yake, 44 kwa hesabu. "Inawasaidia" likataka mwenzake: inawasaidia kuliko nini? Hapo akasema, "Kuliko wanavyodurusu sasa, yaani kufungua daftari na kusoma tena na tena."

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote, nalo ni "njia ya chuoni". Nikamwomba anisimulie hatua kwa hatua, kama vile mimi sijapata kukaa juu ya jamvi. Mtoto anasomewa aya, anaifuata kwa kijiti, anairudia kwa sauti, anafumba macho na kuijaribu moyoni, kisha anakwenda mbele ya mwalimu kusikilizwa. Akikwama hutajiwa neno. Kesho yake, kabla ya kupewa aya mpya, anarudishwa kwenye ya jana. Nikamwambia ahesabu mambo yaliyomo humo. Akahesabu: sauti, marudio, mwalimu anayesahihisha, hofu ya kusimama mbele ya wenzake, kurudi kesho yake, na kuvuta maneno kutoka kichwani bila kutazama. Mambo sita, na pengine yapo mengine. Kundi moja likifanya yote sita na jingine lisifanye hata moja, kisha tofauti ikaonekana, utasema imeletwa na lipi?

Akachagua la mwisho, na alichagua kwa sababu. Alikuwa amesoma utafiti wa wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006. Wao waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani vifungu vya habari wavisome. Kisha kifungu kimoja wakisome tena, na kingine waandike chochote wanachokikumbuka bila kutazama na bila kusahihishwa. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikumbuka asilimia 81 na walioandika bila kutazama asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma tena walibaki na asilimia 42, na wale wengine asilimia 56.

Nilimwambia azikazie macho namba hizo nne, kwani ndani yake mna jambo ambalo mpango wake wa kwanza usingeliona. Alikusudia kuwapima watoto mwisho wa kipindi hicho hicho, kwa kuwa ndivyo ratiba ilivyomruhusu. Angefanya hivyo, huenda angewaona waliosoma tena wakiongoza, akarudi kwangu na habari kwamba njia ya chuoni haifai. Kumbe muda wa kupima ni sehemu ya nadharia tete yenyewe, yaani ule utabiri unaokwenda kupimwa. Asiyeutaja hajasema kitu, na aliyeutaja vibaya amesema kitu kingine asichokikusudia.

Basi lengo likaandikwa hivi: kuchunguza kama kujikumbusha kifungu kwa sauti bila kukitazama kunawafanya wanafunzi wa kidato cha pili wakumbuke zaidi baada ya siku 7 kuliko kukisoma tena kwa muda ule ule. Na nadharia tete ikawa: baada ya siku 7, wanafunzi wataandika vipande vingi zaidi vya habari kutoka kifungu walichojikumbusha bila kutazama kuliko kutoka kifungu walichokisoma tena. Chini yake akaandika nadharia tete sifuri, kwamba hapatakuwa na tofauti kati ya vifungu hivyo viwili. Watu wengi huchanganya lengo na nadharia tete wakadhani ni kitu kimoja kilichosemwa mara mbili. Lengo linasema unakwenda kutazama nini. Nadharia tete inatabiri utakachokiona, kwa namna ambayo macho ya mtu mwingine yanaweza kukuambia hapana.

Kwa vile tayari kulikuwa na ushahidi wa awali, aliiandika ikiwa na upande, yaani nani atamzidi nani. Hilo halina ubaya, ilimradi upande uchaguliwe kabla ya kuona karatasi hata moja.

Sasa sauti. Katika mpango wake wa pili, watoto wa upande wa chuoni wangesoma wawili wawili, mmoja akimsikiliza mwenzake, na wa upande wa pili wangesoma tena kimya kimya. Nikamuuliza kama anajua kwamba sauti peke yake inaweza kuongeza kumbukumbu. Mwaka 2010 Colin MacLeod na wenzake walionyesha kwamba maneno yaliyosomwa kwa sauti hukumbukwa zaidi kuliko yaliyosomwa kimya. Kwa hiyo sauti itolewe kote au itiwe kote. Akaitia kote. Na mwenzi je? Anayemsikiliza mwenzake kabla ya zamu yake ameshakumbushwa, na anayemshikia karatasi anasoma mara ya pili kwa macho yake mwenyewe. Ikabidi mwenzi aondoke.

Hapo alihuzunika, na sikumlaumu. "Maalim, basi si ya chuoni tena hii."

Nilimkumbusha sauti ya chuo jioni, unapokuwa bado uko njiani hujafika mlangoni. Kile kishindo ni cha watoto arubaini, kila mmoja na aya yake, hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Kila mtoto anajisomea nafsi yake kwa sauti ya chini katikati ya sauti za wengine. Akakubali. Kila mwanafunzi atasoma peke yake kwa sauti ya chini, iwe kwenye kifungu hiki au kile. Muda ule ule, karatasi ile ile, dawati lile lile. Kitakachobadilika ni kimoja: kwa kifungu kimoja karatasi itabaki wazi mbele yake, na kwa kingine itageuzwa, maandishi yakitazama dawati.

Aliigeuza karatasi iliyokuwa mbele yake mezani kwangu, akaigeuza tena, akatabasamu. Kigeu huru chake, yaani kile anachokibadilisha kwa makusudi, kilikuwa kimekuwa kitendo cha mkono mmoja. Wiki tatu nyuma kilikuwa mfumo mzima wa malezi. Alichopoteza si kidogo: jaribio hili halitamwambia lolote juu ya mwalimu anayesahihisha, wala hofu, wala kurudi kesho yake. Nilimtaka alikiri hilo katika utangulizi wa ripoti, na abadilishe kichwa cha utafiti kisitaje chuo. Alilikubali la kwanza upesi. La pili lilimchukua siku kadhaa.

Hesabu ya watu nayo ilitukalisha. Alifikiri kuligawa darasa mara mbili, 22 huku na 22 kule. Lakini mtu akitafuta tofauti ya kiasi cha kati, yaani nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), kwa kiwango cha 0.05 (akikubali hatari ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo) na akitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuiona ikiwa ipo kweli, anahitaji watu wapatao 64 kila kundi. Kwa watoto 22 angekuwa anatafuta sindano gizani, na asipoiona asijue kama haipo au taa ndiyo ndogo. Njia nyingine ni kila mtoto alinganishwe na nafsi yake: asome vifungu viwili, kimoja kwa njia hii na kimoja kwa ile. Hapo, kwa tofauti ya ukubwa huo katika alama za kila mtoto, watu 34 wanatosha. Yeye ana 44. Akikosa watoto 10 siku ya kupima, bado amesimama.

Na watoto watakosekana. Msimu wa karafuu ukiingia Pemba, madawati yanapungua. Wako wanaochuma, wako wanaochambua usiku wakiyatenga makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, wako wanaolinda majamvi mvua isije ikanyesha juu ya karafuu zilizoanikwa. Jaribio linalosubiri siku 7 haliwezi kuwekwa hapo. Wanaokosekana si watoto wa kubahatisha, ni wa nyumba fulani zenye shughuli fulani. Akalipeleka mbele, mbali na msimu na mbali na Ramadhani. Na kwa kuwa kila mtoto yumo katika njia zote mbili, asiyekuja anaondoka na alama zake zote mbili, haupunguzi upande mmoja akauacha mwingine.

Kujilinganisha na nafsi yako kuna deni lake. Kifungu kimoja kinaweza kuwa chepesi kuliko kingine, na kinachosomwa kwanza kinakutana na akili isiyochoka. Kwa hiyo zikapangwa zamu nne: kifungu cha kwanza kwa karatasi wazi au cha pili kwa karatasi wazi, na kila hali ikianza au ikimalizia. Watoto 11 kila zamu. Nani aangukie wapi, kura itaamua. Alitaka kupanga mwenyewe "ili wenye akili wagawanyike sawa", nikamwambia aache, maana mkono unaopanga ndio mkono unaotaka matokeo.

Vifungu vyenyewe aliviandika kwa Kiswahili. Skuli ya sekondari husomesha sayansi kwa Kiingereza, na kama angetumia Kiingereza angepima nani anajua Kiingereza. Kila kifungu kikawa na vipande 20 vya habari, kila kipande kikiwa jambo moja linaloweza kuhesabiwa limeandikwa au halikuandikwa. Hicho ndicho kigeu tegemezi: idadi ya vipande, kutoka 0 mpaka 20. Maneno yasifanane, maana ifanane.

Kisha akafanya jaribio dogo la awali kwa watoto wanane wa darasa jingine, na humo yalitokea mambo mawili ambayo mimi na uzoefu wangu wote sikuyaona kabla.

La kwanza, kifungu chake kimoja kilihusu karafuu. Mtoto mmoja wa kiume aliandika mistari kumi na moja safi kabisa, na ndani yake ulikuwemo huu: "Makonyo yasitiwe pamoja na karafuu, ukitia bei inashuka." Hayo hayakuwemo katika kifungu. Mtoto hakuwa anakumbuka karatasi, alikuwa anaandika maisha ya kwao. Karafuu ikatoka. Vifungu vikawa vya mambo yaliyo mbali na kisiwa: kimoja kuhusu sayari ya Zuhura, inayojizungusha mara moja kwa siku 243 za dunia na kulizunguka jua kwa siku 225, na kingine kuhusu dubu mweupe wa ncha ya kaskazini, ambaye chini ya manyoya yake ngozi ni nyeusi.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Watoto waliopewa karatasi wazi na kuambiwa wasome tena kwa dakika saba walisoma mara moja, wakasoma mara ya pili, na baada ya hapo mwalimu aliona vichwa vinainuka. Macho yamefumbwa, midomo inakwenda. Mmoja alikuwa ameweka kiganja juu ya karatasi akaifunika. Hakuna aliyewaambia. Ndivyo walivyolelewa kusoma tangu wakiwa na miaka mitano, na mikono yao ilifanya ilichokijua. Upande wa kulinganisha ulikuwa umejigeuza wenyewe kuwa upande wa jaribio.

Alinipigia simu jioni ile ile. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjikiwa na kitu. Mimi nilifurahi, na nilimwambia kwa nini: hilo lisingeonekana siku hiyo, lingeonekana kwenye alama, kama tofauti ndogo isiyo na maelezo, na angehukumu kwamba karatasi kugeuzwa hakuna faida. Dawa tuliipata chuoni kwenyewe. Kila mtoto mwenye karatasi wazi atapewa kijiti, afuate mstari kwa kijiti kama anavyofuata aya, na kila akimaliza duara moja apige alama ya kalamu pembeni. Jicho likilazimika kufuata kijiti, halifumbi. Na zile alama zikampa faida ya ziada, kwani sasa anajua kila mtoto amesoma mara ngapi. Wa karatasi iliyogeuzwa nao watapiga alama kila wakifika mwisho, ili kushika kalamu nako kuwe sawa.

Kuhusu idhini nitasema machache, si kwa kuwa ni jambo dogo. Ruhusa ya mwalimu mkuu haitoshi. Kinatakiwa kibali cha utafiti, idhini ya mzazi kwa maandishi, na mtoto mwenyewe aulizwe na awe huru kukataa bila kununiwa. Kwa vile aulizaye ni mwalimu wake, niliagiza aulizwe na mtu mwingine. Alama hizi hazitaingia katika matokeo ya skuli.

Usahihishaji ndio uliokuwa wa mwisho. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode walichapisha habari za wanafunzi waliokabidhiwa panya wa kufundishwa njia. Wengine waliambiwa panya wao ni werevu, wengine wakaambiwa wao ni wazito. Panya walikuwa wa kawaida wote, lakini walioitwa werevu walifanya vizuri zaidi mikononi mwa waliowaamini. Mwalimu wangu anaipenda nadharia tete yake, na upendo huo utaingia kwenye kalamu nyekundu hata asipotaka. Kwa hiyo karatasi zitakuwa na namba tu, na zitasahihishwa na walimu wawili wasiojua mtoto gani alisoma nini kwa njia gani. Wakitofautiana, watakaa pamoja kabla orodha ya zamu haijafunguliwa. Ulinganisho utafanywa kwa jaribio la t la jozi, hesabu inayolinganisha alama mbili za kila mtoto, nalo limeandikwa katika mpango tangu sasa.

Siku aliponiletea nakala ya mwisho, kurasa nne, nilitafuta jibu la swali langu la wiki ya kwanza. Lilikuwa katika ukurasa wa tatu, kwa mkono wake: "Nitakubali kwamba nadharia tete yangu haikuungwa mkono ikiwa wastani wa vipande vya karatasi iliyogeuzwa hautazidi ule wa karatasi wazi kwa kiwango nilichokitaja. Sitasema kwamba watoto hawakuifuata njia sawasawa, isipokuwa kwa wale ambao alama zao za pembeni zinaonyesha hivyo, na hao nitawataja idadi yao."

Tukazitia kurasa hizo ndani ya bahasha, akaweka sahihi na tarehe juu ya gundi, nikaifungia kwenye kabati langu. Usiku huo alipanda meli kurudi Pemba na vijiti 44 alivyovichonga mwenyewe kwa chelewa, amevifunga kwa uzi, na vikaratasi vya kura ndani ya kofia ya mwanawe. Kura zitapigwa Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza.